Mteja wa Tulizo Grosari

Jumatatu moja ya mwezi wa saba Mama Andrea aliosha mapipa yake mawili ya plastiki kwa majivu na maji ya moto, akayalaza kifudifudi juu ya kichanja, kisha akaingia ndani kumgeuza mama yake. Huu ulikuwa mwaka wa nne bibi huyo hanyanyuki. Ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili au tatu, ubavu huu kisha ubavu ule, la sivyo ngozi ingechubuka na kufanya kidonda. Mama Andrea alikuwa na namna yake: goti moja kitandani, mkono mmoja begani kwa mgonjwa na mwingine kiunoni, anamvuta kwanza hadi ukingoni, halafu ndipo anamlaza upande wa pili katikati ya kitanda. Alipomaliza alijifunga kanga, akachukua bahasha ya kaki yenye maombi ya leseni, akapanda bajaji kwenda mjini.

Alikuwa muuza uraka. Aliyezaliwa Mtwara hahitaji kuelezwa, lakini wapo wasiojua. Bibo la korosho likiiva linaanguka lenyewe. Unachomoa korosho ya kupeleka ghalani, na bibo lenyewe unaliponda, unalikamua, unachuja maji yake na kuyaacha yalale. Kesho yake ni uraka, keshokutwa ni uraka mkali, siku ya nne ni siki na hakuna atakayekuja kuinywa. Uraka hauna akiba. Mabibo yakianza kudondoka mwezi wa tisa kilabu kinajaa watu, na yakiisha mwezi wa kumi na mbili benchi zinaingizwa ndani mpaka mwaka mwingine. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yake kwa miaka thelathini, na wakati ule hakuna aliyemwomba karatasi.

Siku hizi karatasi inaombwa. Mgambo walikuwa wamekuja mara mbili. Mara ya kwanza walimwaga ndoo kumi na moja mchangani, wakamwonya. Mara ya pili walimwaga kila kitu na kumweka mahabusu siku mbili, na kwa siku hizo mbili mama yake alilala ubavu mmoja bila mtu. Kidonda alichopata kilichukua miezi mitano kufunga. Hakimu alimweleza Mama Andrea kwa upole kwamba mara ya tatu itakuwa miezi sita gerezani. Andrea, mwanawe pekee, alikuwa Dar es Salaam akipakia malori, anapiga simu Krismasi na Pasaka. Mama Andrea alijua vizuri kwamba siku mbili zilileta kidonda, na miezi sita ingeleta kaburi. Ama apate leseni kabla mabibo hayajaanguka, ama aache kazi ya pekee anayoijua.

Ofisi ya leseni iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Masijala palikuwa na dada anayeitwa Sabra, mpole, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliyapokea maombi, akayasoma yote, akasema yameandikwa vizuri, ila kata ya Nachimbwe hairuhusiwi kuwa na leseni za vileo zaidi ya saba, na zote saba zimeshatoka.

Mama Andrea aliomba kutajiwa hizo saba, maana ameishi Nachimbwe tangu azaliwe na baa anazozijua ni tatu. Sabra alimtajia. Nne kati ya hizo saba zilikuwa za mtu mmoja, Samweli Nachingulu, mheshimiwa anayeishi Dar, ambaye tangu apewe leseni hizo hajauza hata chupa moja. Anazitunza tu. Inasemekana anangoja kiwanda cha pili cha gesi kijengwe, wafanyakazi waje na kiu yao, na hapo kila atakayetaka kuwauzia bia apite kwake kwanza. Moja ya leseni hizo ilikuwa ya Tulizo Grosari, kiwanja namba tisini na mbili.

Hicho kiwanja Mama Andrea alikijua. Kiko nyuma ya nyumba yake, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Hakuna kitu pale zaidi ya mchanga, na makopa ya muhogo ambayo jirani yake Hemedi huyaanika kila jua likiwaka.

Sabra alifungua kitabu cha kanuni, akamsomea polepole sehemu ya leseni zilizolala. Biashara ya vileo ambayo mkaguzi hakumkuta mteja hata mmoja katika kaguzi tatu zinazofuatana, leseni yake inakufa, na nafasi yake inapewa mwombaji aliye wa kwanza kwenye foleni. Tulizo Grosari ilikuwa imekwishakaguliwa mara mbili. Fomu zote mbili zilisema: jengo lipo, mhudumu yupo, wateja hakuna. Bado ukaguzi mmoja.

Mama Andrea akasema jengo halipo. Sabra, bila kunyanyua macho kwenye faili, alijibu kwamba jengo huwa lipo siku za ukaguzi.

Hilo Mama Andrea hakulibishia. Kilichomgusa ni neno wateja. Aliandika barua ya malalamiko papo hapo, kwa kalamu ya Sabra, akitaka ukaguzi wa tatu ufanyike kabla ya msimu. Sabra aliigonga muhuri, akamkumbusha kwamba kwa kanuni mlalamikaji lazima awepo siku hiyo. Na foleni ya waombaji wa Nachimbwe ikoje? Sabra alitazama. Kwenye foleni alikuwa yeye peke yake.

Ukaguzi ulifanyika Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Mama Andrea alimwacha Mwaisha, mke wa Hemedi, amwangalie mama yake. Afisa aliyekuja kwa pikipiki aliitwa Erasto, kijana wa Masasi, mwembamba, mwenye kishikwambi cha ofisi kwenye begi la kifuani. Walimkuta Hemedi kwenye kona ya kiwanja amejishika kiuno. Alisalimia, akamwomba afisa, kama haitakuwa taabu, wawe wanampa taarifa mapema, kwa sababu kila wakija kukagua makopa yake yanajikuta juu ya bati.

"Yanakauka vizuri zaidi kule, siwezi kusema uongo," Hemedi alisema. "Lakini bado hatujamaliza kuyashusha, ninyi mmeshaondoka, nayo yanatuangukia."

Erasto aliahidi kulifikisha.

Tulizo Grosari ilikuwa pale. Ilikuwa na kuta za buluu, mlango wa nondo, meza mbili na viti vyekundu vya plastiki vinane, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye maombi ya mwanzo. Friji ilikuwa inanguruma, ingawa nguzo ya umeme ya karibu iko nusu kilomita, kule barabarani malori ya korosho yanakopita kwenda bandarini. Leseni ilitundikwa ukutani ndani ya fremu. Mama Andrea aligusa ukuta, na ulikuwa ukuta. Alichokiona tu ni kwamba rangi ilikuwa safi mno, haina hata alama ya mgongo wa mtu aliyewahi kuegemea.

Alihesabu viti kwa macho. Vyote vinane vilikuwa vitupu, na moyo wake ulimruka kwa furaha hata akaona aibu.

Mbele ya kaunta alisimama msichana mwenye sketi nyeusi na blauzi nyeupe, sinia kifuani. Huyo alikuwa Riziki. Kwenye faili aliandikwa mhudumu, umri miaka ishirini na miwili. Faili lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na Riziki bado alikuwa na ishirini na miwili. Jina la pili hakuwa nalo kwa sababu aliyejaza fomu aliliacha wazi.

Erasto alikwenda nyuma kupima choo. Riziki alimwamkia Mama Andrea, akamkaribisha kiti. Mama Andrea aliitikia, akashukuru, akasema amekuja kwa shughuli za ofisi na hatakaa.

Basi wakabaki wamesimama wote wawili. Riziki aliuliza kama mvua zilinyesha vizuri mwaka huu. Alipojibiwa alitikisa kichwa kwa makini, kama anataka kuyaweka maneno hayo mahali. Kisha akaeleza, bila kulalamika, kwamba aliandikwa kuwa mhudumu na hajawahi kumhudumia mtu. Siku za ukaguzi huwa anajikuta hapa na sinia, wanahesabu viti, wanaondoka, na baada ya hapo hajui anakuwa wapi mpaka siku nyingine kama hiyo. Mama hana, maana fomu haikuuliza habari za mama.

Mama Andrea alimtazama. Alijua maana ya kukaa kilabuni siku ya tatu, pipa limejaa, uraka unaelekea kwenye siki, na wewe unaangalia njia kama kuna yeyote anayekata kona. Hakuna upweke unaofanana na huo. Alimwonea huruma binti yule, huruma ya kweli ya mtu wa kazi moja.

"Karibu ukae, mama," Riziki alisema tena, na safari hii alikuwa amekivuta kiti na kukipangusa kwa upindo wa sketi.

Kwa watu wa Mama Andrea, ukikaribishwa mara ya kwanza unaweza kushukuru ukabaki umesimama. Ukikaribishwa mara ya pili na mwenyeji ameshika kiti, unakaa. Asiyekaa ametukana nyumba. Mama yake alimfundisha hivyo kwa fimbo, na muuza pombe asiyelijua hilo hadumu kazini. Mama Andrea alikaa. Kabla hajasema hataki kitu, soda ilikuwa imefunguliwa, na chupa iliyofunguliwa kwa ajili yako huiachi mezani. Riziki alimimina kwenye glasi kwa mikono miwili. Mama Andrea akanywa funda moja. Soda ilikuwa ya baridi na haikuwa na ladha yoyote, maana kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika ladha.

Erasto alirudi akiwa ameinua kishikwambi. Hatua ya tisa ni picha. Alipiga, ndipo akaangalia alichokipiga.

"Mama," alisema, "kwa nini umekaa?"

"Amenikaribisha."

Erasto alimwambia ukweli, kwamba alikuja hapa akiwa na nia ya kuandika sifuri na kwamba sifuri ile alikuwa nayo kichwani tangu nyumbani. Lakini picha imeshaingia, na saa yake na mahali pake, na kishikwambi hakikubali picha yenye mtu na hesabu isiyo na mtu. Kiliuliza idadi ya wateja, akaandika mmoja. Kiliuliza jina la mteja. Jina la Mama Andrea lilikuwa humo tayari kwa sababu ndiye mlalamikaji. Kiliuliza kama ni mteja wa kupita au mteja wa kudumu, na bila kungoja jibu kikaona nyumba yake iko kata hiyohiyo, kikachagua chenyewe: wa kudumu. Erasto alijaribu kurudi hatua moja nyuma. Hakuna kurudi nyuma.

Akabonyeza tuma.

"Asante, mama," alisema Riziki, uso umemng'aa. "Karibu tena."

Halafu Mama Andrea akawa amekaa mchangani, mkono umekunjwa kama umeshika glasi, na makopa yanawaangukia mabegani yeye na Erasto. Hemedi alikuja na beseni kuyaokota. Aliuliza imekuwaje, na Mama Andrea akasema imekuwa vibaya.

Barua ilifika baada ya siku tisa. Ilisema kwamba ukaguzi umethibitisha Tulizo Grosari ni biashara hai yenye wateja, kwamba leseni yake imehuishwa, na kwamba maombi ya Mama Andrea yatafikiriwa siku nafasi itakapopatikana. Jioni hiyo simu yake ililia kwa ujumbe kutoka namba asiyoijua: "Ndugu mteja, asante kwa kutuunga mkono. Uongozi, Tulizo Grosari." Alirudi mjini kulalamika upya. Sabra, ambaye alionekana hajalala vizuri, alimweleza kwamba sasa faili linamtambua kama mteja, na malalamiko ya mteja yanashughulikiwa na dawati la ubora wa huduma. Kama soda haikuwa nzuri, angeweza kujaza fomu ya kijani.

Mabibo yakaanza kuanguka. Yalianguka kwa wingi mwaka huo, mekundu na ya manjano, mpaka harufu yake tamu ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa. Watu walipita uani wakiuliza, "Mama Andrea, vipi, uraka?" naye akajibu kwamba mwaka huu hakamui kitu. Baadhi walidhani ameokoka na wakampa hongera. Aliyaangalia mabibo yakioza chini ya mikorosho yake na kusikia uchungu wa mtu anayezuiwa kumlisha mtoto anayelia. Akapata kibarua cha kubangua korosho. Mafuta ya maganda yalimbabua vidole, na kila alipomgeuza mama yake vidole vile vilimuuma, lakini alimgeuza.

Mapema mwezi wa pili, siku ya Jumanne kama saa tano asubuhi, Mama Andrea aliweka goti moja kitandani, mkono mmoja begani kwa mama yake na mwingine kiunoni. Akamvuta hadi ukingoni.

Halafu alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu cha plastiki, na glasi ya soda mkononi.

"Umekuja, mama," Riziki alisema. Alifurahi waziwazi. Aliuliza mvua za mwaka huu zinaendeleaje.

Mama Andrea alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Mteja aliandikwa ameketi. Aliita kwa sauti kubwa, na Erasto akatokea mlangoni na kishikwambi chake.

"Erasto, mwanangu, bonyeza. Nimemwacha mama ukingoni."

Erasto alikuwa hatua ya tatu. Zilibaki saba mpaka kutuma, na kishikwambi hakiruki hatua. Alikimbia. Alikimbia kupima choo, akakimbia kwenye pipa la taka, akakimbia kusoma tarehe ya mtungi wa kuzimia moto, jasho likimdondoka kwenye kioo na vidole vikiteleza. Hemedi, aliyekuwa anangoja makopa yake pale konani, hajawahi kumwona afisa wa serikali akikimbia vile. Mama Andrea alimpigia kelele Hemedi aende nyumbani kwake, lakini sauti ya mteja haikutoka nje ya mipaka ya kiwanja. Akainywa soda yote kwa haraka, kwa kudhani labda ikiisha ataachiwa. Riziki akamwongezea. Alimuuliza kwa wasiwasi kama kuna kosa alilofanya. Mama Andrea akamwambia hapana, binti yangu, hakuna.

Mtandao ulikuwa chini. Ujumbe ulizunguka na kuzunguka kabla haujakubali kuondoka. Kwa jumla ilichukua dakika kumi na nne.

Alipofika nyumbani, bado na mchanga kwenye kanga, mama yake alikuwa sakafuni, ameulalia mkono wa kushoto. Alikuwa hai. Hakulia. Alimtazama binti yake kutoka pale chini kama mtu aliyesumbuliwa usingizini.

"Ulikwenda wapi?"

"Niliitwa, mama."

Hospitali walisema mkono umevunjika sehemu mbili, na kwa umri ule hautaunga vizuri. Walifunga bendeji ngumu na kuwarudisha nyumbani. Ujumbe wa shukrani kutoka kwa uongozi ulikuwa umeshafika.

Mama Andrea alikwenda ofisini mara ya mwisho. Hakuomba tena leseni. Aliomba tu ajulishwe siku ya ukaguzi, hata saa moja kabla, amwite Mwaisha akae na mgonjwa. Sabra alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema ukaguzi usio wa malalamiko kwa kanuni ni wa kushtukiza, ili biashara zisipate nafasi ya kudanganya. Kwenye benchi la nje alimkuta Erasto, ambaye alisimama kumpisha akae. Mama Andrea alisema asante, atasimama.

Kiwanda cha pili cha gesi hakijajengwa. Tulizo Grosari imekwishahuishwa mara tatu tangu hapo, na katika foleni ya waombaji wa Nachimbwe jina ni moja. Siku za ukaguzi Mama Andrea huimaliza soda yake, kwa sababu ikimalizika Riziki huonekana ametulia, na kosa si la Riziki. Hemedi amempa godoro la zamani, nalo limetandikwa sakafuni kando ya kitanda. Mapipa mawili bado yamelala kifudifudi juu ya kichanja.

Mama yake bado anageuzwa kila baada ya saa mbili au tatu. Kabla ya kuweka goti kitandani, Mama Andrea humwambia, "Nikitoka ghafla, nitarudi." Mama yake hujibu kwamba amesikia, kisha huishika kamba ya kitanda kwa mkono uliobaki mzima.